Sio Lazima Ushike Maiki: Maswali Yenu Kuhusu Kazi za Nyuma ya Muziki

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba wimbo mmoja unaousikia kwenye daladala una watu sita saba nyuma yake ambao sura zao huzijui, nikawaomba hao watu waniandikie. Wameandika kweli. Mameneja, wapika biti, watu wa saundi, hadi mzazi mmoja. Nimechukua barua tano, nyingine nitazijibu taratibu msichoke.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nipo Mwanza, Nyakato. Mi na mshkaji wangu tumekua pamoja, ye anaimba mi ndo nashughulika na kila kitu, studio natafuta mi, redioni napeleka mi, mapromota napiga simu mi, page zake zote nashika mi. Miaka miwili sijachukua hata mia. Sasa wimbo wake umekubali, kaitwa shoo Kahama na Bukoba wanalipa milioni tatu tatu, na mi naona aibu kumwambia habari ya hela maana ni kama ndugu. Meneja analipwa asilimia ngapi na naanzaje kumwambia?

JIBU: Mdogo wangu, hiyo aibu naijua vizuri. Miaka ya nyuma nilifanya kazi na msanii mmoja miaka mitatu, tunakula sahani moja, tunalala gheto moja, siku alipopata lebo nikauona mkataba wake, kwenye nafasi ya meneja kuna jina la mtu mwingine kabisa. Niliumia sana, lakini hata nilipotaka kulalamika sikuwa na pa kuanzia, karatasi hamna, meseji hamna, asilimia haijawahi kutajwa hata siku moja. So ongea nae wiki hii, kabla ya Kahama. Baada ya shoo hela ikishaonekana mezani maongezi yanakuwa magumu mara kumi.

Asilimia sasa. Kawaida ya kazi hii sehemu nyingi duniani meneja anachukua kati ya 15 na 20 ya kile msanii anachoingiza kwa muziki wake. Hapa kwetu utasikia 30, 40, hadi nusu kwa nusu, na mara nyingi ukichimba unakuta huyo mtu sio meneja tu, ndo aliyelipa studio, video, nguo, mpaka kodi ya chumba, yaani ni mwekezaji anayefanya na umeneja humohumo. Hizo ni kazi mbili na zina malipo mawili tofauti, mwekezaji anarudishiwa hela yake kwanza na anaweza kuwa na haki kwenye rekodi, meneja anapata komisheni ya kazi. We kwa ulivyoeleza hujaweka hela, umeweka jasho na muda, so omba 20, usiombe nusu hata kama mwenzako yuko tayari kutoa nusu, maana nusu leo ndo ugomvi wa mwaka kesho akishaanza kuona wenzie wanatoa ngapi.

Alafu kuna swali watu wengi wanalisahau, 20 ya nini? Chukua hiyo shoo ya milioni tatu. Dijei, madansa, nauli na gesti tuseme vinakula laki nane. Ukichukua 20 ya milioni tatu unapata laki sita, ukichukua ya kinachobaki, yaani milioni mbili na laki mbili, unapata laki nne na arobaini. Mi nakushauri chukua ya kinachobaki, kwanza ni haki zaidi, pili utakuwa wa kwanza kubana matumizi ya safari maana na wewe yanakugusa. Lakini muandike ni gharama gani zinatolewa kwanza, isije siku moja akaweka na simu mpya humo.

Vitu vingine vya kuandika. Muda, anzeni mwaka mmoja wa majaribio kisha muongeze miwili. Nyimbo zipi zinahusika, na hapa ndo unaweza kulipwa ile miaka miwili yako bila kumdai deni, sema nyimbo zote zilizotoka mkiwa pamoja tangu mwanzo zinaingia kwenye mkataba. Hela inapita wapi, akaunti gani, nani anaona taarifa ya benki, na nakuomba sana msanii aione kila mwezi bila kuomba, hamna kitu kinachovunja meneja na msanii kama msanii kuhisi kuna hela haioni. Na mwisho andikeni mkiachana inakuwaje. Dili ulilolitafuta wewe likaendelea kuingiza hela baada ya wewe kuondoka unastahili kipande chake kwa muda, watu wengi wanakubaliana mwaka wa kwanza komisheni nzima, wa pili nusu, alafu basi.

Jinsi ya kumwambia, usimwambie mkiwa na washkaji wengine na usimwambie usiku mkiwa mmechangamka. Mfuate kwao mchana, mwambie "nataka kazi hii iwe kazi yangu, nataka tuandikishane ili tusije kugombana", alafu mpe karatasi akae nayo siku tatu, mwambie kabisa amuoneshe mtu mwenye uelewa au mwanasheria. Akikubali tieni sahihi kopi mbili mbele ya shahidi, na nendeni mkajisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, ye kama msanii na we kama meneja, maana wanaoandaa matamasha yenye vibali vya baraza wanauliza hivyo vitu. Akikataa kabisa kusaini chochote hata baada ya kuelewa, basi umejua mapema, na page zake mrudishie zote kwa amani, usizishike mateka.

SWALI: Oya kaka, mi prodyuza wa singeli, Manzese. Mwaka jana dogo mmoja alikuja gheto nikampigia biti elfu thelathini, hatukuandikishana. Sasa ngoma inapigwa kila kigodoro na YouTube kaandikwa prodyuza mwingine ambaye alifanya miksi tu. Nifanyeje? Na ivi prodyuza wa singeli anaweza kuishi kwa hii kazi kweli?

JIBU: Anaweza, nitafika huko, ila kwanza hilo la jina.

Wimbo una vitu viwili ndani yake na watu wanavichanganya kila siku. Kuna utunzi, maneno na melodi na muziki wenyewe, na kuna rekodi, ile sauti iliyohifadhiwa ambayo wengi mnaiita masta. We uliyepiga biti uko kwenye utunzi, na kama ulirekodi na sauti gheto kwako basi una mkono hata kwenye rekodi. Aliyefanya miksi kafanya kazi kubwa na anastahili kuandikwa, lakini aandikwe kama aliyefanya miksi. Elfu thelathini uliyopokea mkononi ni malipo ya kazi, hakuna mahali mliposema unauza na haki zako zote, so usijione umeshafungwa.

Kabla hujaongea na mtu, tunza ushahidi. Projekti nzima iliyoko kwenye kompyuta yako, ile yenye kila ala peke yake na tarehe zake, ikopi kwenye flashi na sehemu nyingine tena. Meseji za WhatsApp mlizokuwa mnapanga siku ya kuja, usifute. Alafu mtafute dogo kwa upole, inawezekana hata hajui, mara nyingi anayepandisha wimbo ni mtu wa tatu ambaye anaandika anachoambiwa. Kubadilisha jina kwenye maelezo ya YouTube ni dakika tano na kwenye mitandao mingine msambazaji wake, ile kampuni inayompelekea nyimbo Spotify na kwingineko, anaweza kurekebisha bila kuushusha wimbo. Nakusihi usikimbilie kupiga straiki, yaani kuwashtakia YouTube waushushe wimbo, wimbo ukishuka wakati ndo una moto mnapoteza wote, na dogo hatarudi tena gheto kwako wala marafiki zake.

Mkishaelewana muandike ukurasa mmoja tu wa mgawanyo. Jina la wimbo, majina yenu yale ya kwenye kitambulisho, kila mtu asilimia ngapi kwenye utunzi na ngapi kwenye rekodi, sahihi, tarehe. Hamna asilimia iliyoandikwa na sheria, ni makubaliano, wengi wanaanzia nusu ya utunzi kwa maneno na melodi na nusu kwa muziki alafu wanavutana kutoka hapo. Karatasi hiyo mnaenda nayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili kazi, na kila mmoja ajisajili kwa jina lake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na kwa mtunzi haki inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, yaani unaongelea kitu ambacho kinawahusu hata wajukuu zako, kwa nini kiishie kwenye elfu thelathini? Kuanzia leo karatasi ya mgawanyo inasainiwa msanii akiwa bado yuko gheto, kabla hajaondoka na faili. Weka nakala tupu ishirini pembeni ya spika.

Sasa la kuishi. Angalia Sisso pale Mburahati, sio mbali na kwako. Studio ya mtaani kabisa, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa singeli za hiyo studio, Sounds of Sisso, na baada ya hapo watu kama Bamba Pana na Makaveli, Jay Mitta, Duke na MCZO wakaenda kupiga shoo Ulaya kwenye matamasha ambayo watu hawajui hata neno moja la Kiswahili. Kitu ninachotaka ukione hapo ni kwamba wengi wao ni maprodyuza, na wametoka kwa majina yao, biti zao zimeuzwa kama kazi zao. Lebo ndogo za kujitegemea zilikuwa zinasikiliza nani kapiga kile kinanda cha spidi ile, sio nani kaimba tu. Sasa kama jina lako halipo popote watakutafutaje? Ndo maana nakusumbua na hilo jina la YouTube hata kama hela yake leo ni ndogo. Fungua na ukurasa wako wa Bandcamp au SoundCloud, weka biti zako tupu zisizo na maneno, andika Manzese, Dar es Salaam, na email inayofanya kazi.

SWALI: Kaka mi naimba na najisimamia mwenyewe, Kigoma. Wimbo wangu Spotify umesikilizwa mara 640 tangu mwaka jana na sijaona hata senti, ni msambazaji ananiibia?

JIBU: Hapana, kwa hili hajakuibia. Tangu mwaka 2024 Spotify hawalipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafika mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita. Kuna watu watakuja kukuuzia "views" na "streams", wakatae kabisa, Spotify wanawatoza faini wasambazaji kwa usikilizaji wa kununua na msambazaji anaihamishia kwako au anaufuta wimbo. Mia tatu na sitini zilizobaki watafute watu wa kweli, anza na Kigoma yako, vituo vya redio vya hapo na maboti ya ziwani.

SWALI: Hujambo kaka. Mimi ni binti wa Mombasa, miaka 23. Napenda kazi ya saundi, nimejifunza kidogo kwa kampuni moja ya kukodisha vyombo lakini miezi minane sasa wananibebesha nyaya na spika tu, miksa siruhusiwi kugusa, wavulana waliokuja baada yangu washaanza kupiga shoo. Wanasema wanawake hawasikii besi. Nikimbie ama nivumilie, na nisome wapi?

JIBU: Sijambo dada, na nimesoma barua yako mara mbili kwa hasira. Masikio hayana jinsia. Nimefanya kazi na mafundi saundi wanawake, na mmoja wao ndo mtu ninayemuamini kuliko wote linapokuja suala la kumuwekea mwimbaji spika za stejini, kwa sababu anauliza kabla ya kugusa.

Kubeba nyaya yenyewe ni shule, usiidharau, fundi asiyejua kukunja waya vizuri wala kutambua waya uliokufa gizani atakwama siku ya shoo. Lakini miezi minane inatosha. Nenda kwa mwenye kampuni, sio kwa wale wavulana, muombe kitu kimoja kidogo chenye tarehe, mfano "Jumamosi ijayo nataka kufanya saundi cheki mimi, kupima vyombo kabla ya shoo, yeye fundi mkuu akisimama pembeni". Ombi kubwa la "nipeni nafasi" wanaliepa, ombi dogo lenye siku ni gumu kulikataa. Akikataa mara mbili ondoka, na ukiondoka usiondoke kwenye fani.

Wakati unasubiri hiyo Jumamosi jifunze miksa bila miksa. Miksa nyingi za kidijitali utakazokutana nazo kwenye kumbi, kama X32 ya Behringer, zina programu ya bure unayoweza kuiweka kwenye laptop ukajifunza kurasa zake zote nyumbani, ikifika siku ya kuigusa kwa mkono unajua pa kwenda. Jifunze kusoma orodha ya chaneli na mchoro wa steji, na uanze kuandika yako mwenyewe kwa vikundi vya jirani wasiokuwa nayo, uwape bure. Kikundi kikifika ukumbini na karatasi nadhifu yenye jina lako na namba yako chini, mafundi wa ukumbi wanakujua kabla hawajakuona.

Na we una bahati ya mahali ulipo. Harusi za Mombasa zenye taarabu laivu ni chuo kigumu kuliko vyote, udi una tumbo la mbao linalorudisha mlio wa chini ukizembea tu, kanuni, ile ala ya kulazwa mapajani, ina nyuzi nyingi na sauti nyembamba inayomezwa na kinanda, violini zinapiga kelele juu, na hapohapo bi harusi anataka maneno yasikike hadi jikoni. Anayeweza kuweka sawa hivyo vitu bendi ya gitaa mbili na ngoma haimsumbui. Kama unaweza kufika Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, ipo tangu 2002, wanafundisha ala zenyewe, na mi nasema fundi saundi anayejua kanuni inafungwaje nyuzi ana thamani maradufu. Nairobi kuna Santuri, wao wako zaidi kwenye muziki wa kielektroniki na utengenezaji, na wamefungua mlango mpana kwa wanawake. Makanisani pia, hata kama sio dini yako uliza, miksa ziko kule kila wiki na watu wa kuzishika ni wachache.

Lengo jiwekee Sauti za Busara. Tamasha linafanyika Unguja tangu 2004, kwa miaka mingi pale Ngome Kongwe, na sharti lao linalofahamika ni muziki upigwe laivu kweli, hamna kuimba juu ya CD. Hiyo maana yake ni vikundi vinavyobadilishana usiku mzima, kila kimoja na ala zake, na watu wa steji wanaojua kazi. Waandikie miezi kadhaa kabla ukiomba kujitolea kwenye upande wa steji, na orodha yako ya shoo ulizofanya uiambatanishe hata kama ni harusi tano. Lakini usitegemee tamasha peke yake kula, hilo la 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa hela, na kuna mafundi waliokuwa wameupanga mwaka wao kwa hiyo wiki moja. Harusi, mikutano ya hoteli na kampeni ndo zinalipa kodi.

Usisahau malipo. Shoo ya kwanza utakayopiga peke yako taja bei kabla ya kupakia vyombo, na uliza wale wavulana wanalipwa ngapi.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa Dodoma. Kijana wangu yuko mwaka wa pili anasomea uhasibu. Likizo hii amekuja na habari kwamba anataka kuacha chuo akafanye kazi kwenye muziki na wenzake wenye lebo ndogo Dar, na wala hajui kuimba. Nimelia. Mwambie kitu maana anasoma hii safu yako.

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Nimemwandikia mwanao kwa maneno yangu mwenyewe hapa chini, ila wewe nikuambie kwanza kwamba kazi anayoitaka ipo, na anayeifanya vizuri anaheshimika.

Mdogo wangu, usiache chuo. Sikwambii hivi kwa sababu muziki hauna kazi, nakwambia kwa sababu kazi ambayo hizo lebo ndogo zinakosa kuliko zote ni hiyo unayoisomea. Waombe wenzako wakuoneshe ripoti ya mauzo wanayopokea kutoka kwa msambazaji. Utakuta faili lenye mistari maelfu, kila mstari ni nchi moja, mtandao mmoja, wimbo mmoja, senti yenye sifuri nne mbele, na hapo hela inatakiwa igawanywe kwa mwimbaji, prodyuza, aliyeshirikishwa, lebo, baada ya kutoa gharama za video ambazo hakuna aliyetunza risiti. Nimeziona lebo zikivunjika kwa hilo faili tu. Wasanii wanaamini wameibiwa, na mwenye lebo mwenyewe hajui kama ameiba au hajaiba.

Nikupe mfano mmoja ujipime. Tangu Juni 2021 Google wanakata kodi ya Marekani kwenye mapato ya YouTube. Mtu binafsi wa Tanzania aliyejaza taarifa zake za kodi anakatwa asilimia 30, lakini ya kile kilichotoka kwa watazamaji walioko Marekani tu. Asiyejaza wanaweza kumkata hadi asilimia 24 ya mapato yake yote ya dunia nzima. Chaneli ambayo watazamaji wake karibu wote wako Tanzania, Kenya na Oman inaweza kupoteza karibu robo ya hela yake kwa fomu ambayo haijajazwa. Wafungulie wenzako akaunti yao muangalie kama imejazwa. Kama haijajazwa umeshapata kazi yako ya kwanza kwenye muziki na bado uko mwaka wa pili.

So fanya hivi. Rudi chuo muhula ukianza. Waambie wenzako utawashikia hesabu kila mwisho wa mwezi ukiwa hukohuko, kwa malipo hata kidogo lakini yaandikwe, na kila msanii wa hiyo lebo apate karatasi yake moja inayosomeka, imeingia ngapi, imetoka ngapi, yake ngapi. Ukimaliza utakuwa na cheti na miaka miwili ya kazi ambayo wahasibu wengi wanaohitimu na wewe hawajawahi kuiona hata kwa macho. Na mitandao ya muziki nayo inaajiri watu wa hesabu, Mdundo ilianzia Nairobi na mwaka 2020 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa kule Copenhagen, kampuni iliyoko kwenye soko la hisa inaandika mahesabu yake hadharani na unaweza kuyasoma bure ukajua biashara hii inakula na kuingiza wapi.

Mama, akikubali, mwambie akuoneshe hiyo karatasi ya mwezi wa kwanza atakayoitengeneza. Uisome na wewe. Kama usipoielewa, mwambie aiandike upya.